Mposaji Asiye na Watu

Asubuhi ile Kalista alifunga vifungo vya koti lake jeusi, akaviona vimekwenda kombo, akavifungua na kuvifunga upya, na bado kimoja kikakosa tundu lake. Na huyu ndiye wakili ambaye maofisa wa vijiji wakisikia jina lake huanza kutafuta miwani. Mapenzi hayana adabu. Yakishaingia mwilini hayaulizi mtu ana shahada ngapi.

Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Mollo, mkavu na wa baridi, ukiokota vumbi la uwanja wa mahakama na kuwamwagia watu machoni. Barazani, kwenye benchi la mashahidi, alikuwa amekaa Masunga. Alivaa jaketi la mtumba alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo, lakini mtu wa mashine ya kusaga ni mtu wa mashine ya kusaga: unga ulikuwa bado umemganda nyuma ya sikio. Kalista aliuona unga ule, akatamani kuupangusa kwa kidole chake mbele ya watu wote. Masunga akainua macho. Wakatazamana kidogo tu, kisha kila mmoja akatazama kwake.

Ng'ambo ya uwanja, chini ya mikaratusi, walisimama wazee wa Mwabusiga, mashuka begani na fimbo mkononi. Mwabusiga ni kitongoji cha Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakakipa jina la kwao ili wasijione wageni sana. Mbele ya wazee wale alisimama Meshack, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji, mtu mrefu asiyependa kurudia neno. Meshack alikuwa baba mdogo wa Masunga, na tangu baba yake Masunga afariki, ndiye aliyekuwa baba. Jumamosi ya wiki iliyofuata ndiye aliyepaswa kuwaongoza wazee hao hao hadi Kaengesa, nyumbani kwa akina Kalista, kwenda kumposa.

Sasa msomaji ajionee mwenyewe ubaya wa jambo. Kesi ile ilikuwa ya kijana wa Kifipa aitwaye Flavian, aliyeshtakiwa kwa wizi wa ndama. Sungusungu walimkuta njiani karibu na Pito ana kamba begani, akitafuta mbuzi wa bibi yake aliyekata kamba. Kamba na ndama waliopotea, mtu wa ng'ombe hahitaji hesabu nyingine. Walimpeleka zizini kwa Meshack wakampiga mpaka akakubali kila alichoulizwa, na angeulizwa kama aliiba mwezi angekubali pia. Maneno hayo ndiyo yaliyoletwa mahakamani kuwa ni ungamo lake. Nani aliyeona kipigo? Kitongoji kizima. Nani angesema? Mmoja tu, naye alikuwa amekaa barazani na unga nyuma ya sikio.

Masunga mwenyewe ndiye aliyemwendea Kalista. Alimweleza kuwa alifika zizini baada ya kusikia mwano, ukelele wa hatari ambao kila mwanamume wa Kisukuma akiusikia lazima atoke, akamkuta Flavian amefungwa. Alisimama pale ameduwaa, mwisho akaenda kumfungua, na tangu siku hiyo chakula hakimpiti. Niite, alimwambia Kalista, nitasema.

Na Kalista alijua bei yake. Miaka miwili nyuma, aliporudi kutoka Dar es Salaam na kufungua kituo kidogo cha msaada wa sheria katika chumba nyuma ya duka la mitumba, kesi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya Mwabusiga. Serikali ya kijiji ilitaka kuzifukuza kaya zote kwa sababu moja tu, kwamba si Wafipa. Kalista alisimama mahakamani akauliza ni sheria gani inayopima ukoo wa mtu kabla ya kumpa mahali pa kulala, na kaya zikabaki. Wafipa wenzake wakampa jina, wakili wa Wasukuma. Wasukuma wakampa maziwa ya mgando, yaliyoletwa ofisini na kijana mpole aliyekuwa akisahau kuondoka. Maziwa yaliisha, kijana akaendelea kuja. Katika kazi ile Kalista alizijua sheria za sungusungu kuliko walivyozijua wengi wao. Anayemtoa mwenzake kwa watu wa nje anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, ng'ombe wake hanyweshwi na wengine, hasindikizwi harusini wala hazikwi. Atakayemsalimia anatozwa dume.

Ndani, hakimu alikohoa, akamwuliza wakili wa utetezi kama shahidi wake yuko.

Kalista akasimama. Kizimbani Flavian alimtazama kwa matumaini, mkono wake wa kushoto ukining'inia vile vile, maana tangu siku ya kipigo haukuinuka tena vizuri. Kupitia dirishani Kalista aliliona bega la jaketi la kahawia. Nyuma ya bega hilo, mbali kidogo, aliziona fimbo chini ya mikaratusi. Akafungua kinywa, na maneno yaliyotoka hata yeye aliyasikia kama ya mtu mwingine.

"Mheshimiwa hakimu, shahidi wetu hayuko tayari leo. Naomba kesi iahirishwe."

Hakimu alitazama dirishani, akamtazama Kalista, akaahirisha hadi Alhamisi iliyofuata. Flavian akarudishwa mahabusu. Kalista alikusanya vitu vyake kwa haraka, na alipotoka barazani benchi lilikuwa tupu.

*

Alimkuta Masunga kwenye mashine yake, karibu na soko. Masunga aliuza ng'ombe watatu wa urithi akanunua mashine ile mara serikali iliporuhusu kila mtu afanye biashara, na baba yake mdogo alinuna mwaka mzima, kwa kuwa Msukuma kuuza ng'ombe ili anunue chuma ni habari ya kusikitisha. Injini ilikuwa ikinguruma, foleni ya akina mama imepinda hadi nje, na Masunga alikuwa akimimina mahindi kinywani mwa mashine kama anayeyaadhibu.

Kalista alisema neno, halikusikika. Akasema tena. Masunga akanyoosha mkono, akazima injini.

Mama mmoja akaanza kulalamika kwamba ana wageni nyumbani, kisha akaona nyuso za wale wawili, akaamua kuwa wageni wanaweza kusubiri. Akakaa juu ya debe lake. Wenzake wakakaa.

"Uliniona nimekaa pale," Masunga alisema.

"Nilikuona."

"Ukamwambia hakimu siko tayari."

"Nilikuwa na sababu, Masunga. Tuzungumze nje."

"Itaje hapa."

Kalista alitazama foleni, na foleni ikamtazama. Hakuna hakimu aliyewahi kumtazama kwa makini kiasi kile.

"Sababu ni wewe," alisema, na sauti ikapungua. "Ukisema Alhamisi, jioni yake watakutenga. Jumamosi nani atakuleta kwetu? Baba yangu unamjua. Aliweka sharti moja tu baada ya kukataa mwaka mzima, uje na watu wako. Ukija peke yako hafungui."

"Hilo nilikuwa nalijua kabla sijakaa kwenye lile benchi."

"Na mama yako je? Na hii mashine? Nusu ya wateja wako hapa wanatoka Mwabusiga. Nani atakuletea hata kisonzo, hata kindoo kidogo cha mahindi?"

"Hilo pia nilikuwa nalijua."

"Basi mimi sikuwa tayari," Kalista alisema. "Wewe ulikuwa tayari, mimi sikuwa. Umesikia?"

Masunga aliyapangusa macho yake kwa mkono wenye unga, akajipaka zaidi. Alipozungumza tena alikuwa ameishusha sauti, na akina mama wakalazimika kusogea.

"Walipotaka kutufukuza, ulisimama mbele ya watu wazima ukasema kila mtu ana haki ya kusikilizwa. Mama yangu hajui sheria, lakini hayo maneno anayo mpaka leo, anayasema akikamua. Leo mimi nimekuja kusikilizwa, na aliyenifungia mlango ni wewe."

"Nilitaka kukulinda."

"Sikushtakiwa, Kalista. Nataka mke. Sitaki wakili wa kunitetea bila mimi kumwomba."

Maneno yale yalimwingia Kalista mahali ambapo hoja za waendesha mashtaka hazijawahi kufika. Alijua kuwa amekosa, na kwamba kosa lile lilikuwa na mkono unaoning'inia kizimbani. Lakini alijua pia kwamba angeambiwa arudie, angerudia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Jumamosi nikija kwenu na baba mdogo na wazee wote," Masunga aliendelea, "tutakaa kwa baba yako, tutakula ugali wa ulezi, tutacheka. Na yule kijana yuko mahabusu. Nitamezaje?"

"Na usipokuja kabisa? Mimi nitamezaje?"

Masunga alimtazama tu, na katika ule mtazamo kulikuwa na jaketi lililonunuliwa kwa siku moja, na chumba alichokuwa amekipaka chokaa nyuma ya mashine, na jina la mtoto ambalo walikuwa wamelitaja mara moja kwa utani kisha wakaona haya. Kalista aligeuka aende kabla machozi hayajamvunjia heshima mbele ya foleni.

"Alhamisi uniite," Masunga alisema nyuma yake.

Injini ikanguruma tena. Yule mama mwenye wageni akapangusa jicho kwa ncha ya kitenge, akasema ni unga.

*

Jumapili Kalista alikwenda Kaengesa. Baada ya misa alimkuta baba yake, Mzee Isdori, uani, akigeuza mahindi yaliyoanikwa, bado amevaa koti lake la ukatekista. Alimpa shikamoo, akachuchumaa kumsaidia. Aligeuza mahindi yaliyokwisha kugeuzwa.

Mzee Isdori hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shamba la ulezi ambalo ng'ombe wa wahamiaji walilipitia siku moja na kulifanya uwanja wa mpira, na tangu hapo alikuwa na maoni. Lakini kilichomkaa zaidi hakikuwa ulezi wala kabila. Alimweleza bintiye, kwa mara ambayo hata yeye hakujua ni ya ngapi, kwamba mwanamume anayekuja kuposa peke yake ni mwanamume ambaye siku mkewe akiugua atakuwa peke yake, na siku wakigombana hakuna wa kumkanya.

Kisha akauliza habari za Flavian. Bibi yake kijana yule alikuwa muumini wa kigango chake. Akasema ni lazima apatikane mtu mwenye roho ya kusema kweli, na kwamba mtu huyo, awe nani, Mungu atambariki.

"Yupo, baba," Kalista alisema. "Ni Masunga."

Mzee Isdori aliacha kugeuza mahindi.

"Akisema, watu wake watamtenga. Jumamosi hatakuwa na mtu wa kumleta."

Mke wa mzee, mama Bertilla, akachungulia kutoka jikoni, akaona hali, akarudi ndani. Mwisho Mzee Isdori akasema aseme, ni wajibu wake mbele ya Mungu. Na kuhusu Jumamosi, desturi ni desturi. Akainama tena kwenye mahindi, lakini alikuwa sasa anageuza yale yale aliyoyageuza binti yake.

*

Alhamisi alimwita.

Masunga aliapa, akasimama wima, akasema alichokiona. Hakuongeza wala kupunguza. Alitaja zizi la nani, alitaja nani alitoa amri, na jina la baba yake mdogo akalitaja mara mbili ili hakimu aandike vizuri. Meshack alikuwa amekaa benchi la nyuma. Hakupepesa jicho.

Kalista aliuliza maswali yake kwa sauti ya kazini. Alijisemea kuwa imekwisha. Kumbe mwendesha mashtaka alikuwa na lake. Alisimama taratibu, akamwuliza shahidi ana uhusiano gani na wakili wa utetezi.

Mahakama ikasogeza masikio. Kalista alipaswa kupinga swali. Hakuinuka.

"Nampenda," Masunga alisema.

Mwendesha mashtaka akatabasamu, akasema kumbe shahidi amekuja kumsaidia mpenzi wake ashinde kesi.

"Bwana, mimi Jumamosi nilikuwa nakwenda kumposa," Masunga alijibu. "Aliyekuwa anipeleke ni yule mzee niliyemtaja sasa hivi. Baada ya maneno haya hanipeleki, na baba yake binti hanipokei bila watu. Ningetaka kumpata huyu wakili, ningenyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mwendesha mashtaka akakaa. Hakimu aliandika kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipoinua uso alisema kuwa maneno yaliyotolewa kwa kipigo si ungamo, na kwa kuwa hakuna ushahidi mwingine wowote, mshtakiwa yuko huru. Bibi yake Flavian akaanguka kifuani kwa mtu asiyemjua. Flavian aliinua mkono wake mmoja, ule unaoinuka, kumpungia Kalista.

Ulikuwa ushindi, na Kalista hakuuona. Alikuwa akimtazama Meshack, ambaye alisimama, akachukua fimbo yake, akampita mtoto wa kaka yake mlangoni bila kumgusa hata kwa shuka. Wazee wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Masunga akawasalimia kama mtoto anavyopaswa, "Mwangaluka." Wakapita. Mwisho alikuja mama yake, Rahel, mwanamke mfupi wa maneno mengi, ambaye siku hiyo hakuwa na hata moja. Alipofika mbele ya mwanawe hatua zilimpungua. Meshack akageuka kutazama. Rahel akashika njia.

Jioni ile amri ya kumtenga Masunga ikatolewa Mwabusiga.

*

Jumamosi mama Bertilla alimpokonya bintiye kikombe alichokuwa anakiosha, akamwambia kimetakata tangu asubuhi, akiendelea kitatoboka. Kuku alikuwa amechinjwa, maana mama Bertilla alisema kuku haelewi mambo ya posa, na ugali wa ulezi ulikuwa tayari. Mzee Isdori alikaa uani amevaa koti, rozari mkononi, akitazama popote isipokuwa njiani.

Kalista alitoka, akaingia, akatoka tena. Tangu Alhamisi hakuwa ameonana na Masunga. Alikwenda kwenye mashine Ijumaa akakuta foleni imekatika nusu, na mwenyewe hayupo. Alijiambia hatakuja. Halafu alijiambia kuwa akija itakuwa vibaya zaidi, kwa sababu itabidi asimame hapa uani aone mlango ukifungwa.

Ndipo alipomwona. Uwanda wa Ufipa hauna miti mingi ya kumficha mtu, na alionekana kwa mbali, jaketi la kahawia, akimswaga mtamba mmoja mweupe. Mtu na ng'ombe, basi. Kalista akaweka mkono kinywani. Lakini macho yake yalipozoea aliona kitu kingine nyuma yao, mbali sana, nukta iliyokuwa ikitembea. Masunga akisimama mtamba ale majani, nayo inasimama.

Masunga alifika langoni, akabisha hodi. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Akamwamkia mzee.

"Marahaba," Mzee Isdori alisema. Alisimama, akashika nguzo ya lango. "Umekuja na nani?"

Angeweza kusema wenzangu wako nyuma. Angeweza kusema wamechelewa. Kalista alimwona akiyapima maneno hayo, akayaacha.

"Niko peke yangu, mzee wangu."

Mzee Isdori akainamisha kichwa. Lango halikufunguka. Kalista alipiga hatua moja mbele, mama yake akamshika mkono, na kwa kitambo hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa mtamba, aliyeanza kula maua ya mama Bertilla.

Ile nukta ikafika. Alikuwa Rahel, na kitenge chake cha kanisani, na fimbo ya kuchungia. Alisimama mbali na mwanawe, akampa mgongo kidogo, akamsalimia Mzee Isdori na mkewe kwa heshima zote.

"Karibu, mama," Mzee Isdori alisema kwa mshangao. "Na wewe umekuja na nani?"

"Nimemfuata ng'ombe wangu, baba."

"Ng'ombe huyu ni wako?"

"Wa kwangu mwenyewe, nilipewa na mama yangu. Mtemi amekataza nisiongozane na mtu fulani, nisiseme naye, nisile naye. Nimeisikiliza amri ile mpaka mwisho." Rahel akamwonyesha mtamba kwa fimbo. "Ng'ombe hakumtaja."

Kalista, aliyesoma sheria miaka yote ile, hakuwahi kusikia hoja nzuri kama hiyo. Lakini hakucheka. Alijua kuwa Meshack si mjinga, na kwamba jioni ile Rahel angeulizwa alikokwenda.

Rahel akamsogelea mtamba, akamwekea mkono shingoni. Masunga alikuwa amesimama upande wa pili wa ng'ombe, kichwa ameinamisha, na hawakutazamana.

"Mwambie mwenye nyumba," Rahel alimwambia mtamba, "huyu aliyekuswaga nimemzaa mimi. Baba yake hayupo, na waliokuwa baba zake wamempa mgongo. Mwambie hana tabia mbaya. Ni mbishi tu, na kwa ubishi huo jana sikulala, na kwa ubishi huo namwona mtu mzima. Mwambie binti yake aliwahi kusimama mbele ya watu kwa ajili yangu. Leo nimekuja kusimama kwa ajili yake. Sina watu wengine, niko mimi."

Upepo ulivuma, ukapeperusha maganda ya mahindi. Mzee Isdori aliitazama rozari yake, akaitia mfukoni. Akamtazama bintiye, aliyekuwa akilia waziwazi sasa bila kujali heshima ya uwakili. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba aliomba watu, na hakutaja wangapi.

Akalifungua lango lote.

"Ng'ombe aingie," alisema. "Na aliyemswaga aingie naye."

Rahel hakuingia. Alieleza kwa upole kuwa hawezi kukaa chini ya paa moja na mtu yule. Kalista akapangusa machozi, akafikiri kidogo kama afikirivyo kazini, akatoa vigoda viwili. Kimoja akakiweka ndani ya lango, kingine nje yake, ili wanaokaa wapeane mgongo, na mtamba akafungwa katikati. Akamketisha Masunga huku na mama yake kule. Akaleta chakula katika sahani mbili, asije mtu akasema wamekula pamoja.

Alipompa Masunga sahani vidole vyao viligusana, naye hakuviondoa vyake upesi. Alikuwa ameanza tayari kupanga. Jumatatu angemwendea Meshack, si kwa karatasi za mahakama kwanza, bali kwa miguu yake, amsalimie na kukaa mpaka ajibiwe. Na asipojibiwa, hapo ndipo angekwenda mahakamani, na safari hii angeuliza ni sheria gani inayomkataza mama kumsemesha mtoto. Kazi ilikuwa kubwa, na roho yake haikutulia hata chembe.

Masunga alikaa na sahani magotini bila kuigusa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Nyuma yake Rahel alikuwa amemega tonge. Hakugeuka. Alinyoosha mkono wake mwingine, akampapasa mtamba ubavuni.

"Amekonda," alimwambia. "Mwambie ale."

Masunga akala.